Pipa Lililovimbiwa

Jumatatu, 3 Machi
Pipa liko tayari nyuma ya jikoni. Samadi ndani, maji ndani, mpira wa gesi hadi kwenye jiko. Mabaki ya chakula yatachacha humo bila hewa, yatatoa gesi, na mke wangu ataagana na mkaa. Kikohozi chake kinaninyima raha. Daktari kasema moshi usipokoma, kifua kitaharibika kabisa. Nimemwahidi: mwisho wa mwezi.

Shemeji, kaka yake, fundi bomba, kaja kukagua bila kuitwa. Eti tulilishe kibakuli kimoja kwa siku. Kibakuli! Mtu bahili hata kwa takataka.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeelewana na mpishi wa hoteli. Ndoo tatu leo. Muuza juisi naye kanipa gunia la maganda ya limau. Nimeshindilia yote. Likishiba litafanya kazi. Mke kauliza kama kaka yake anajua. Nikamjibu mtambo ni wangu.

Jumapili, 9 Machi
Harufu. Jirani kaanua nguo zake zikiwa mbichi. Nimewasha njiti kumi na moja, moto hakuna. Shemeji kanusa mara moja tu: pipa limevimbiwa. Uchachu umezidi, vijidudu vinavyotengeneza gesi vinakufa. Lifunge kula wiki mbili, kisha lianze na samadi kidogo kidogo. Nilimshukuru huku nimenuna.

Jumatano, 12 Machi
Mke kakohoa mbele ya mkaa hadi akakaa chini. Nilimshika mgongo. Niliona aibu, aibu hasa. Nikaapa kutoligusa pipa. Jioni nikalipelekea ndoo moja tu, ya kulitia moyo. Mke kaninyang'anya, akapiga kufuli kwenye mfuniko. Ufunguo anao yeye.

Jumamosi, 29 Machi
Moto umewaka. Wa buluu, umetulia. Mke kachemsha chai bila kukohoa hata mara moja. Nilitoka nje kufuta macho.

Kumbe wiki hii alikuwa akitia samadi kidogo na kibakuli kimoja kila asubuhi, kama kaka yake alivyomwelekeza. Wanajisifu, nimewaacha. Mimi najua ni yale maganda ya limau. Yalichelewa tu kukolea.

Kesho kuna harusi hotelini. Mpishi kaniahidi ndoo sita. Ufunguo wa pili nimeshachongesha.