Goti Langu Limeharibu Filamu ya Watu

Ta!

Mlio huo bado ninao sikioni hadi sasa ninapoandika. Si bunduki, msishtuke. Ni kile kibao cheusi ambacho watu wa filamu wanakigonganisha mbele ya kamera kabla ya kuanza kuigiza. Leo nimegongewa mara tatu. Na mara zote tatu nimeharibu.

Jamani, sura yangu nimeiacha Unyambwa. Hapa kwenye basi nimekaa na kichwa tu.

Ngoja niwaeleze. Kuna kampuni ya filamu imejenga kijiji cha kuigizia huko Unyambwa, nje kidogo ya Singida mjini. Siku nyingine wanafungua geti, watu wanaingia kutembea, wanapiga picha, wanaangalia mvua inayotoka kwenye bomba. Na wageni wachache wanachaguliwa kupita nyuma ya waigizaji wakati filamu inachukuliwa. Mimi tangu nisikie hilo usingizi ulinikimbia. Si mnanijua? Nikiosha sahani naigiza nimefiwa. Nikisukuma chapati naigiza mume wangu ni mwanajeshi, hajarudi.

Shangazi, mwenye mgahawa ninaofanyia kazi hapo Shelui, hakufurahi hata kidogo.

"Unaenda na nani?"

"Peke yangu, shangazi."

"Peke yako, kuangalia nyumba za uongo? Hizi za kweli zimekuchosha?"

"Nataka wanione."

"Haya nenda wakakuone. Ukirudi unalia, vitunguu vipo, utasingizia hivyo."

Basi lilipoanza kupanda mlima Sekenke, moyo wangu ulikuwa unateremka. Wakisema gauni langu linang'aa sana? Wakiniambia nilie na machozi yakagoma? Nikizimia, nani atanishikia pochi? (Watu wanaosafiri peke yao, nawaheshimu. Mnajishikiaje pochi?)

Getini mlinzi akaniangalia, akaangalia nyuma yangu, hakuona mtu.

"Uko na nani, dada?"

"Niko na Mungu."

"Haya. Yeye haingii kwa tiketi. Piteni."

Ndani nikakuta mtaa mzima wa uongo. Nilikuwa na kiu ya wasiwasi, nikaenda kwenye duka moja nikaomba soda. Kimya. Nikaomba tena kwa adabu zaidi. Ndipo nikaona soda zote zimechorwa ukutani, na duka lenyewe halina mgongo, nyuma yake ni pori. Nikageuka nijifanye nimechoka tu, nikaegemea jiwe kubwa. Jiwe likabonyea! Jamani, jiwe la sponji! Singida hii yenye mawe ya kugawia mikoa mingine, mtu analeta jiwe la sponji!

Wageni walikuwa wamekaa kwenye mabenchi chini ya turubai. Nikapita mbele yao mbiombio, macho chini, naomba nisijikwae.

Mwongozaji wa filamu ni mama mmoja mfupi, mwenye kofia pana na sauti ya kuitia ng'ombe. Akasimama mbele yetu.

"Nani anaweza kubeba ndoo ya maji kichwani bila kuishika?"

Wasichana wa mjini wakaangaliana. Mimi nikanyoosha mikono yote miwili. (Mmoja ungetosha.)

Akaniita pembeni. Akanizunguka kama ananunua mbuzi. Akauliza jina, nikasema Elineema, sauti ikatoka kama ya kifaranga. Halafu akasema kitu ambacho kimenifanya mpaka sasa hivi nikikikumbuka nataka kuruka dirishani.

"Elineema, una mwendo mzuri. Tutarudi hapa kuendelea na filamu hii. Ukipita vizuri leo, nitakuita uwe mtu wetu wa kijijini. Na safari hiyo nitakupa maneno ya kusema. Lakini leo, mdomo ufunge. Umenielewa?"

Nimemwelewa? Nilikuwa nimeshamwelewa tangu nazaliwa! Kunyamaza tu, halafu nipewe maneno!

Akanionyesha kazi. Kuna babu amekaa kwenye kigoda mlangoni kwake. Kwenye hadithi babu huyo ameuza shamba la ukoo, kijiji kizima kimemsusa. Mimi natoka kisimani na ndoo kichwani, napita mbele yake, naenda zangu.

"Humwangalii. Humsalimii. Unapita kama vile pale hakuna mtu."

"Hata shikamoo, mama?"

"Hasa hiyo shikamoo."

Nikacheka kimoyomoyo. Kazi gani rahisi hivi!

Wakanipa ndoo, imejaa maji kweli. Wakaniweka mwanzo wa mtaa. Wageni wote wakasogea na mabenchi yao hadi kwenye kamba kuangalia, simu juu. Mapigo ya moyo nikayasikia mpaka kwenye maji ya ndoo.

Ta!

"Aksheni!"

Nikaenda. Mgongo umenyooka, shingo imetulia. Nikasema moyoni, Elineema, unaona, unaigiza! Nikamkaribia babu. Ndevu nyeupe. Koti limechakaa. Mikono imekunjamana, imeshika fimbo. Na mimi nikapita vizuri kabisa, nikiwa nasema kwa sauti safi ya mgahawani:

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu," babu akajibu.

"KATA!"

Mwongozaji akavua kofia. "Binti, tumekubaliana nini? Na wewe babu! Na wewe unajibu!"

"Imenitoka, mama," babu akasema.

Watu wakacheka. Si sana. Mara ya kwanza watu wanakuwa na huruma.

Mnisikilize kabla hamjanihukumu. Kwetu Iramba ukimpita mzee bila kumwamkia, taarifa inafika nyumbani kabla yako. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa hapigi wala hagombi. Anakurudisha tu. Njia yote uliyokuja, unarudi, unamtafuta yule mzee alipo, unapiga goti, unamwamkia, unakuja tena. Nimelala njaa kwa sababu ya shikamoo, jamani. Haiko mdomoni kwangu hiyo. Iko kwenye damu.

Mara ya pili nikajipanga. Nikakunja midomo ndani, nikaing'ata. Shikamoo itatokea wapi sasa?

Ta! Nikaenda. Babu yule pale. Midomo imefungwa. Namfikia. Kimya. Nampita. Kimya! Nashangilia moyoni.

"KATA! Dada, una tatizo la mguu?"

"Hapana, mama."

"Mbona umechechemea ulipofika kwa babu?"

Sikuchechemea. Goti ndilo lilijikunja lenyewe. Halikuniuliza.

"Ni heshima, mama."

"Hiyo heshima iache huko kisimani ulikotoka!"

Sasa hapo walicheka sana. Kuna kaka mmoja mwenye simu akapaza sauti, "Mpeni ruhusa aamkie kwanza ndipo muanze!" Nikatamani lile jiwe la sponji linifunike.

Wakati wanajaza tena ndoo, babu akaniita kwa kidole. Nikaenda, nikainama kidogo. Akanong'ona, na sauti iliyotoka kwenye zile ndevu haikuwa ya babu hata kidogo.

"Sista, acha kunipigia magoti. Mimi naitwa Rama. Hizi ndevu ni gundi."

"Na mikono?"

"Gundi. Wewe una umri gani?"

"Ishirini na nne."

"Basi mimi mdogo wako. Shikamoo dada."

"Marahaba," nikajibu.

Tukacheka wote wawili. Kisha akaacha kucheka. "Ila nisaidie dada'angu, upite. Wamenibandika hivi vitu tangu alfajiri, uso unawasha balaa, kujikuna siruhusiwi. Upite tu, nikaoshe uso."

Hapo nikapata nguvu. Kumbe ni mtoto! Kumbe ni Rama tu! Mwongozaji akaja akanishika mabega, akasema kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko ukali. "Elineema, muda unakwisha. Hii ndiyo ya mwisho. Nakuombea."

Ya mwisho. Maneno yangu yote ya kesho na keshokutwa yapo hapo, kwenye hatua chache mbele ya kijana aliyebandikwa ndevu. Maji yakaanza kucheza ndani ya ndoo.

Ta!

Nikaenda huku naimba kichwani: ni Rama, ni Rama, ni mtoto wa watu, ni Rama. Nikamkaribia. Ni Rama. Nikamfikia. Ni Rama.

Na Rama akakohoa.

Jamani, yule kijana anajua kazi! Alikohoa kile kikohozi cha wazee wa kwetu, cha kukwambia "nimekuona unavyopita". Halafu akainua macho. Yamelowa. (Sasa najua ni gundi ilikuwa inamwasha. Wakati ule sikujua.) Nikaona babu ambaye kijiji kizima hakijamwamkia. Tangu asubuhi. Hata mtoto mmoja. Moyo wangu huu, moyo wa ugali wa maji, ukapasuka.

"Shikamoo, babu!"

Na goti chini, mpaka kwenye vumbi. Lote.

Sasa goti lina heshima, lakini ndoo haina. Mimi nilishuka, ndoo ikaenda mbele. Maji yote, tangu juu, yakamshukia Rama. Zile ndevu nyeupe zikaanza kuteleza taratibu, zikaacha shavu, zikaacha kidevu, zikaenda kukaa kifuani kama paka aliyelowa. Na chini yake kukabaki kijana mwenye uso laini kama sahani, anatiririka maji, ananiangalia.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikamwambia, kwa unyenyekevu wote, bado nimepiga goti:

"Nisamehe, babu."

Walilia. Si kucheka tena, walilia! Mtu wa kamera alikaa chini. Mlinzi alitoka getini kuja kuuliza kuna nini. Nikasimama, gauni lina tope, nikiwa nadhani angalau aibu imefika mwisho.

Haikuwa imefika. Kwenye kamba kulikuwa na bibi mmoja, mgeni kama mimi, amekaa mbele kabisa na mkongojo wake. Akasubiri kicheko kipungue, akasema kwa sauti ya kusikika vizuri:

"Wee mtoto. Huyo wa gundi umemwamkia mara tatu. Sisi wa kweli umetupita pale turubaini asubuhi kama vile hakuna mtu. Sisi tumeuza shamba la nani?"

Mungu wangu.

Ndiyo. Yale mabenchi. Nilipita macho chini kwa wasiwasi wangu, wala sikuona nani kakaa. Kile ambacho mama mwongozaji alikuwa ananiomba nikifanye, nilikuwa nimeshakifanya asubuhi, bila kamera, tena vizuri sana!

Nikaenda kwenye kamba na tope langu. Nikapiga goti kwa bibi. "Shikamoo bibi." "Marahaba. Haya, na huyu mwenzangu." Nikaenda kwa mwenzake. Na mzee aliyefuata. Na aliyefuata. Benchi zima, mmoja mmoja, simu zote zinanifuata kama harusi. Bibi wa mwisho akanishika kidevu, akaniuliza kama nimeolewa. Nikasema hapana. Akasema, "Basi tutaona," na watu wakaanza kucheka upya.

Rama walimpeleka kubandikwa tena. Alipopita karibu yangu nikamwambia samahani, na kwa mara ya kwanza sikumwita babu. Akasema, "Usijali dada, angalau umenikuna." Nafasi yangu akapewa msichana mmoja wa mjini. Ndoo hakuweza, wakampa kikapu. Akapita mbele ya babu kama upepo unapita mbele ya mlango. Mara moja tu. "Imepita!" mwongozaji akapiga makofi. Nami nikapiga makofi, kwa sababu alipita vizuri kweli, siwezi kusema uongo.

Mwongozaji alinifuata kabla hajaenda kula. Nilijikaza nisilie. Akasema, "Elineema, una moyo mzuri. Lakini mwigizaji lazima awe na mahali pa kuuweka kidogo." Halafu akaenda. Hakusema ataniita. Hakusema hataniita. Nimelipindua neno hilo tangu Singida mjini, bado sijui nilipike vipi.

Video mtaziona, najua, mtandao hauna huruma. Mkiziona chekeni upande mmoja tu wa mdomo, huo mwingine mniachie mimi.

Ila kabla sijaondoka kule, watu wote walipoingia kula, mtaa ule wa uongo ukabaki mtupu. Nikaangalia huku, nikaangalia kule. Kigoda kilikuwa palepale mlangoni, bado kimelowa. Nikaokota ndoo tupu, nikaiweka kichwani, nikarudi hadi mwanzo wa mtaa. Nikapiga makofi mara moja, ta. Nikatembea. Nikakifikia kigoda. Mdomo umefungwa, goti limenyooka. Nikakipita, nikaenda zangu hadi mwisho wa nyumba, nikashusha ndoo, nikajiambia mwenyewe kwa sauti ndogo:

"Imepita."