Meli Nyeupe Isiyosimama Podkula

Tihomir Rakonjac alishuka kwenye basi kwa sababu kondakta alikuwa ameanza kuulizia tiketi. Basi likaondoka, naye akabaki kwenye kona ya barabara na suti yake moja na mkoba wake wa ngozi, chini akiuona mto Danubi.

Mandhari yenyewe, tuseme haki, yalikuwa ya kupigia picha. Juu ya jabali ilisimama ngome ya kale yenye minara mitatu na nusu, na miguuni pake kijiji cha Podkula, kuta nyeupe, vigae vyekundu, maua kila dirisha. Lakini Tihomir hakuwa mtu wa mandhari. Alichokiona yeye ni watu. Kijiji kizima kilikuwa kimejipanga gatini kikipunga vitambaa, na meli nyeupe ya watalii ikapita mbele yao bila hata kupunguza mwendo. Vitambaa vikashuka. Mama mmoja mnene akaitukana meli ile, akamtukana na aliyeiunda, akamalizia na ukoo wake.

Tihomir akaweka tai yake sawa. Watu wanaotaka kitu kiasi kile aliwaheshimu sana.

Wala asionekane mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu. Hamsini ilikwisha kumpita, miguu ilikuwa inaanza kukataa kukimbia, na huko pwani, Ulcinj, kulikuwa na kibanda cha samaki wa kukaanga ambacho mwenyewe alikuwa tayari kumwachia, mradi alete fedha kabla ya msimu wa watalii. Maisha yake yote alikuwa akifukuzwa kwenye milango ya wenzake. Sasa alitaka mahali pake, akaange samaki wake, asiulizwe jina. Kazi hii moja, halafu basi.

Yule mama mnene aliitwa Stamena. Alikuwa mwenyekiti wa kijiji na mwenye mkahawa, kwa hiyo mikutano yote ya kijiji ilifanyika pale ambapo watu walilipia vinywaji. Alimwekea mgeni kijiko cha jamu ya cheri na maji, kisha rakija, pombe kali ya plamu, kisha akaketi.

"Haya, baba. Umepotea njia, au unauza kitu?"

"Mimi siuzi, mama. Mimi natafuta." Tihomir akafungua mkoba, akatoa kibao cha shaba kinachong'aa, chenye maandishi ya kupendeza: KIJIJI CHA KUTEMBELEWA. "Natoka Vienna. Chama chetu kinachagua vijiji vizuri vya mtoni. Chenye kibao hiki, meli inasimama. Kisicho nacho, inapita."

"Ndiyo maana kwa wale wa ng'ambo ya kona inasimama?"

"Siwezi kuwazungumzia wengine."

"Wana nini wale? Wana choo kipya! Hawana ngome, hawana hata kuku wa maana!"

"Mama, mimi nimezunguka nchi nyingi," alisema Tihomir kwa upole wa daktari. "Ngome kama hii sijaiona. Machozi yalinilengalenga pale barabarani."

Huko kulikuwa ni kuvishwa kilemba cha ukoka, na Stamena alikivaa vizuri tu. Akaondoa vyombo, akamwonyesha mgeni mahali pa kunawa, akaita watu. Jioni hiyo Tihomir aliwaeleza wanakijiji kwamba kibao ni bure kabisa, ila kuna ada ya kukisajili, kila nyumba kwa uwezo wake. Aliongea mpaka mzee mmoja, Radoš, aliyejulikana kwa kutomnunulia mkewe viatu, akaenda mwenyewe kufukua akiba yake chini ya banda la nguruwe. Asubuhi bahasha ilikuwa imenona, imelala kwenye mfuko wa ndani wa koti la Tihomir, upande wa moyo.

Basi lilikuwa linapita saa sita.

"Jambo moja tu," alisema Stamena mlangoni. "Mjukuu wangu Vukota leo anatimiza mwaka. Nywele zake za kwanza bado hazijakatwa, tulikuwa tunangoja mtu wa heshima. Tunakuomba uwe kum wetu."

Tihomir aliitazama barabara. Kum huombwa, na akiombwa hakatai. Hata wezi wa kuku wanajua. Akikata nywele za mtoto amekuwa ndugu wa nyumba ile, zaidi ya ndugu wa damu. Lakini wakati ulikuwepo. Atakata kishungi kimoja, atakunywa kimoja, ataingia mitini.

Uani kulikuwa na watu wote. Vukota aliketi juu ya mto wa kulalia, akamwangalia Tihomir kwa macho ya hakimu. Mkasi ukalia mara moja, kishungi kikaangukia kwenye kofia aliyoishika Stamena.

"Kum, mfuko unaungua!" watoto wakapiga kelele, kama desturi ilivyo, maana kum hutupia zawadi kwenye kofia.

Tihomir akatia noti moja.

"Kum, mfuko bado unaungua!"

Akatia nyingine. Kofia haikuondoka. Wazee nao wakadakia, na yule wa banda la nguruwe sauti yake ilizidi zote. Tihomir alitazama huku na huku. Njia ya barabarani ilikuwa imezibwa na meza ya supu ya samaki. Mkono wake, ambao haukuwahi kumsaliti, uliingia upande wa moyo, ukatoa bahasha, ukaitia yote kwenye kofia. Watu wakashangilia. Yeye alitaka kulia.

"Sasa tuambie, kum," alisema Stamena. "Meli inasimama lini?"

Kumdanganya mtu ni kazi, na Tihomir aliipenda kazi yake. Kumdanganya kum ni jambo jingine. Marehemu mama yake, aliyemsamehe mambo mengi, pamoja na lile la ng'ombe wa kanisa, alimwapiza kwa hilo moja tu. Mwenye kumtapeli kum, shamba lake hupigwa na mvua ya mawe. Tihomir hakuwa na shamba, lakini mvua ya mawe aliiogopa.

"Haisimami," akasema kwa sauti ndogo. "Vienna sijawahi kufika."

"Najua. Jana ulipokwenda kunawa nilikigeuza kibao chako. Nyuma kimeandikwa, 'Hapa amelala Živorad, mume mwema.' Nikajiuliza, huyu Živorad naye ni wa Vienna?"

"Fundi wa makaburi aliharibu jina, akaniuzia rahisi. Sasa kama ulijua, kwa nini uliniacha nikusanye?"

"Nilitaka kukuona ukifanya kazi. Aliyemtoa mzee Radoš hela kwa kipande cha kaburi, nahodha wa meli atamshinda nini? Nenda kamlete, kum. Nasi ni ndugu zako."

Basi Tihomir akaenda. Alimkuta nahodha Ozren kwenye bandari ya juu, meli ilikokuwa ikilala, akamwambia kwamba kila neno alilosikia kuhusu Podkula ni kweli, na kwamba tafadhali asisimame pale, kwa sababu wanakijiji hawapendi wageni na nafasi ya mwaka huu wamekwisha kuipa kampuni nyingine. Alhamisi iliyofuata meli nyeupe ilisimama Podkula.

Tihomir aliwapandisha watalii ngomeni, akawasimulia habari za binti wa mfalme aliyejirusha mtoni kutoka ule mnara nusu. Binti huyo alimtunga akiwa njiani, kwenye ngazi. Bibi mmoja kutoka Graz alilia mpaka miwani ikamtoka. Kofia ilipozungushwa ilirudi nzito, na Tihomir akajisikia kijana tena. Fedha za wageni si fedha za kum. Kibanda kile pale!

Akaikumbatia kofia, akateremka kwa njia ya nyuma mpaka gatini, akakanyaga ubao wa meli.

"Nahodha, nipeleke popote. Nalipa."

Ozren, uso umemwiva kwa rakija, alimzuia kwa kiganja cha mkono.

"Haiwezekani, ndugu yangu. Wakati mko juu nimemkata nywele mtoto wa binti yake Radenka, jirani ya Stamena. Na kum wangu Radenka amesema wewe usipandishwe."

Ubao ukavutwa. Meli ikapiga honi, vitambaa vikapunga. Stamena alikuwa amesimama nyuma yake, na kofia ilikwisha kubadili mikono bila Tihomir kujua ni saa ngapi.

"Ulikuwa unakwenda wapi, kum?"

Tihomir alikuwa amechoka hata kusema uongo. "Ulcinj. Nilitaka kufungua kibanda. Nikaange samaki."

"Samaki?" Stamena alimkazia macho, na safari hii alionekana kukasirika kwelikweli. "Siku zote hizi tunakula supu tu, kumbe unajua kukaanga? Si ungesema!"

Akamfungia aproni kiunoni, akakaza fundo mara mbili.