Ndoo ya Mama Optatus na Hukumu Iliyotolewa Bombani Mkunya

Sogeeni, enyi mlioteka na enyi mliorudi na ndoo kavu, msikie habari za Veridiana mama Optatus, mjane asiyekosa sala ya asubuhi, hakimu wa vitabu vyote vilivyopanda mlima huu wa Newala.

Ikawa, tangu serikali ilipofungulia biashara ya mitumba, Alfani muuza mitumba akaanza kuleta vitabu juu ya marobota yake, na Veridiana akavihukumu vyote kwa sheria moja: maji kayateka nani? Kitabu cha kuchimba visima alikirudisha, akisema aliyekiandika hajabeba ndoo, maana watu wote pichani wanacheka. Cha watawa wa jangwani alikibusu, ila akataka kujua nani aliwajazia mtungi. Cha mpelelezi alikilaani, kwa kuwa jamaa aliacha bomba la hoteli likitiririka huku akiwaza, wala mwandishi hakumkemea.

Hata Jumamosi moja, vitambaa vya altare, ambavyo Veridiana ndiye mfuaji wake, vikiwa vichafu na pipa la kanisa limekauka, bomba la Mkunya lililonuna wiki nzima likakohoa. Jeshi la ndoo likajipanga. Ndoo ya Veridiana ilikuwa ya pili, nyuma ya ile ya Julia mama Rose, aliyemlindia nafasi mjane alipokuwa kwenye sala. Kwani bombani ndoo isiyo na mtetezi huenda mwisho, na wa mwisho hukuta bomba limekwisha kunyamaza.

Veridiana alipofika, Julia alimpa shikamoo, na baada ya marahaba akamtupia swali kali kuliko mkuki: kile kitabu cha mapenzi alichomwazima, kipenzi chake, amekionaje?

Foleni ikatega sikio, Yeremia katekista na dumu lake akiwamo. Uongo mdogo tu, na vitambaa vya Bwana vingefuliwa. Lakini ulimi ulikuwa umetoka kusali sasa hivi.

“Mama Rose,” akanena, “yule bibi harusi anaoga asubuhi, anaoga mchana, anaoga jioni akimngoja bwana. Ndoo hajashika. Nimemtafutia hata mtumishi, sikumwona.”

Foleni ikaangua kicheko. Julia hakucheka. Taratibu, kwa mguu, akaisukuma ndoo ya mjane nje ya mstari, akasema ndoo hiyo yeye haijui.

Veridiana akaitazama, akajua kwamba ukweli alioutoa ulikuwa nusu. Akamwangalia katekista, akajikaza.

“Sijamaliza. Nilipofika mwisho, nilikianza tena. Na ilikuwa Kwaresima.”

Katekista akaona jambo la kuchunguza kwenye mfuniko wa dumu lake. Mguu uleule wa Julia ukairudisha ndoo.

“Na pale kwenye mvua?” akauliza kwa sauti ya chini.

“Pale nililia, mwanangu. Mvua yote ile, na hakuna aliyekinga hata sufuria.”

Julia akacheka mpaka kitenge kikamlegea.

Hivyo ndoo ikajaa hadi ukingoni, na Jumapili altare ikang'aa mbele ya waumini wasiojua vita iliyopiganwa. Basi Newala yote na ikumbuke siku ukweli mzima ulipotamkwa bombani, na aliyeutamka akarudi na maji. Kitabu, hadi leo, hajakirudisha.