Mke Wangu Ana Mikono Miwili Tu

Kwako Shemeji, dada mkubwa wa mke wangu,

Shikamoo.

YAH: KITUFE

Naamini barua hii itakukuta mzima. Sisi huku hatujambo, isipokuwa kidole gumba changu cha kulia, ambacho ndicho kilichonilazimu nikuandikie rasmi badala ya kukupigia simu. Kwenye simu wewe hucheka, na jambo hili si la kuchekwa.

Ulipohamia nyumba iliyo ndogo zaidi ulimpa mdogo wako kifaa chako cha kusomea vitabu, kile cheusi cha zamani chenye vitufe juu ya kioo. Ulisema kina vitabu vingi ndani na kwamba kitamchangamsha. Sikupinga. Binti yetu wa mwisho alikuwa ameshaolewa, nyumba imepoa, nikaona ni vizuri kila mtu awe na chake: yeye kifaa chumbani, mimi redio sebuleni. Ilikuwa nyumba yenye amani kubwa, Shemeji. Jioni nzima tuliweza kuimaliza kwa maneno mawili. Mimi naulizia chumvi, yeye anasema ipo.

Kisha kitufe cha kwenda ukurasa wa mbele kikafa. Cha kurudi nyuma kilikuwa kizima, lakini hakuna anayesoma hadithi kwa kurudi nyuma. Mdogo wako, ambaye unajua hakubali kushindwa na kitu, akagundua kwamba kitufe kinashika iwapo kifaa kitabanwa kwa nguvu pembe zote mbili za chini, halafu kitufe kibonyezwe hapohapo kule juu. Pembe mbili zinataka mikono miwili. Mke wangu ana mikono miwili tu. Ndipo nikasikia sauti kutoka chumbani, "Baba watoto, njoo unibonyezee." Nikaenda, nikidhani ni mara moja.

Yaliyonipata tangu siku hiyo ni haya:

1. Kidole. Kazi yangu, kama unavyojua, ni kusoma mita za maji. Mchana kutwa nainua mifuniko ya chuma iliyoshikana kwa kutu, nafuta vioo vyenye matope kwa hiki hiki kidole. Jioni ni saa yake ya kupumzika. Sasa jioni ndipo kinapoingia zamu ya pili, na kurasa za kifaa chako ni fupi mno. Mtu hajameza mate, ukurasa umekwisha.

2. Nilijaribu kujitoa kwa ustaarabu. Nilichukua vibanio viwili vya nguo na kipande cha mpira wa baiskeli, nikatengeneza kitu cha kubana zile pembe. Kilifanya kazi vizuri kabisa. Mdogo wako alikitazama, akanishukuru, akasema kinachubua kifaa. Kesho yake nikakuta vibanio vimerudi kwenye kamba, vimeshika mashati yangu.

3. Kusoma. Mtu anayesubiri kubonyeza hana pa kuweka macho, Shemeji. Mwanzoni nilitazama dari, nikaimaliza. Nikatazama kabati, nikagundua bawaba moja imelegea, nikaikaza. Baada ya hapo palibaki kioo cha kifaa tu. Hivyo nikajikuta nasoma, bila kukusudia, habari za mjane mwenye nyumba ya wageni na fundi saa aliyekuja kulala siku moja akakaa. Kwa kuwa niliingia katikati, ilibidi niulize mjane ni yupi na kwa nini fundi saa hamtazami usoni. Mdogo wako akanieleza. Maelezo yalichukua muda kuliko sura yenyewe, na alipomaliza sikuwa nimekubaliana naye, ikabidi nami nieleze kwa nini. Hivi ndivyo amani ya nyumba inavyovunjwa.

Isitoshe, mwendo wetu haulingani. Mimi nimezoea kusoma tarakimu, natazama naondoka. Yeye husoma kama anayechambua mchele. Namwuliza, "Tayari?" Anasema, "Bado." Kuna ukurasa mmoja, ambamo fundi saa anaacha koti lake kwenye kiti halafu anarudi kulichukua, mdogo wako alisema "bado" mpaka nikaanza kuusoma upya. Mara ya pili nikaona jambo ambalo sikuliona mara ya kwanza. Sitalitaja hapa, lakini lilihusu lile koti.

4. Jirani yetu wa mlango wa pili, yule tunayemwita Kipenga kwa sababu aliwahi kuchezesha mpira, alikuwa akija kusikiliza mechi kwangu. Alikuta redio imezimwa na sisi tumehamia sebuleni kwa sababu taa ya chumbani ni hafifu. Akakaa kungojea tumalize, akitusikiliza tunavyobishana kuhusu mjane. Siku ya pili akaja mapema. Siku ya tatu akaniuliza kwenye bomba la uani, mbele za watu, kama mjane amekubali au bado. Mimi ni mtumishi wa mamlaka ya maji. Nina heshima yangu katika bomba lile.

5. Kazini. Nilikuwa uani kwa mteja mmoja, mama mstaarabu, nimepiga magoti juu ya mita, nikiwaza kama fundi saa alikuwa na haki ya kuondoka bila kuaga. Nikaandika tarakimu si zake. Yule mama akadaiwa maji ya kujaza kiwanja cha mpira. Alipokuja ofisini kulalamika, msimamizi aliniita akaniuliza nilikuwa na mawazo gani siku ile. Shemeji, ningemjibu nini? Nilisema jua lilikuwa kali.

6. Mdogo wako alipokwenda kumwuguza binti yetu aliyejifungua, aliondoka na kifaa. Nikasema afadhali, sasa nitapumzika. Nikawasha redio. Mtangazaji alikuwa anapiga kelele kuhusu watu nisiowajua. Nikaizima. Nikaenda chumbani, nikatoka. Kisha simu ikalia. Alikuwa yeye, anasema amekwama ukurasa uleule tuliouacha, hana wa kumbonyezea, mkwe wetu ana haraka na binti ana mtoto mkononi. Akaniuliza, "Hivi wewe unafikiri atarudi?" Tuliongea habari za fundi saa, tukahamia za mtoto na macho yake, tukaingia za siku ambayo mimi na yeye tulihamia nyumba hii tukiwa na godoro na sufuria. Simu ikakatika, salio lake limekwisha. Nilivaa viatu nikaenda kununua langu nimpigie, na duka lilikuwa linafungwa. Mtu wa umri wangu kumkimbilia muuza vocha si jambo la kuvumiliwa.

7. Hili ndilo zito. Juzi tulifika mahali ambapo mjane anakaa peke yake mezani na vikombe viwili. Nikauliza kama yuko tayari. Nilipomtazama nikaona anatokwa na machozi, na mikono yake imebana zile pembe, hawezi hata kujifuta. Nikamfuta mimi. Akasema, "Wewe usije ukaniacha hivi." Nikamwambia sitamwacha. Maneno ya namna hiyo, Shemeji, sikuwahi kuyasema hata siku ya harusi yetu, na yalinitoka bila maandalizi yoyote. Hatukubonyeza tena usiku ule.

Kwa sababu hizo naomba, kwa heshima zote, uchague moja. Ama ununue kifaa kingine chenye vitufe vizima, ambacho mtu mzima anaweza kukitumia peke yake. Ama ukichukue hiki, nasi turudi kwenye chumvi yetu. Na kama yote mawili hayawezekani, basi uje mwenyewe ukae nasi, kitanda cha binti kipo, uwe unabonyeza jioni kwa zamu na mimi. Naomba nijibiwe mapema.

Nisalimie Bwana Shemeji, wajukuu wote, na yule mpangaji wako mwenye kikohozi. Kipenga anakusalimu pia, ingawa hakujui.

Ni mimi, shemeji yako mwenye malalamiko,
Msoma Mita.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua tena. Niliona nimpitie kwanza fundi wa simu pale sokoni, nikuandikie kwa uhakika ubovu wenyewe ni upi. Mdogo wako alikuwa ameshakwenda kwenye duka la dawa, nikakichukua kifaa. Fundi alikipokea kifaa, akakigeuza, akanitazama. Akasema, "Mzee, hiki nilishakibadilishia kitufe tangu kabla ya mvua. Mama mwenyewe ndiye aliyekuja kukichukua." Akakilaza mezani, hakubana pembe yoyote, akabonyeza kwa kidole kimoja. Ukurasa ukafunguka. Niligeuza uso nisiusome peke yangu, nikamwomba aurudishe ule wa nyuma. Nimekiweka chini ya mto wake kama nilivyokikuta. Tafadhali usinunue kitu, na ukiongea naye, usimwambie kwamba nilikwenda kwa fundi.