Begi Langu Kwenye Mnada wa Mavuno

Jamani, leo sina pa kuuweka uso. Nawaandikia nikiwa nimejifungia chumbani. Mkitaka kucheka chekeni kimyakimya, maana sebuleni tayari kuna watu wananicheka kwa sauti.

Kwa wasionifahamu, mimi ni mtu wa redio. Si ya kutangaza. Ni ile ya kuongea na wenzako wa mbali kupitia hewani, kwa kujifurahisha tu. (Leseni ninayo. Na ndiyo, najua kuna simu. Msianze.) Nakaa Mlandege, hapa Iringa. Mgonjwa mwenzangu wa redio ni Ambokile, yeye yuko Mbeya na huniita Mnyalukolo, jina la utani la sisi watu wa Iringa, na siku hizi tumeng'ang'ania jambo moja: tuongee kwa umeme wa jua peke yake, bila kugusa umeme wa nguzo.

Kikwazo ni mke wangu. Sola ninayotumia ilinunuliwa kwa ajili ya banda lake la vifaranga, maana baridi ya huku haina huruma na vifaranga wanataka taa. Mimi niliiazima. Kwa muda. Muda ukanoga. Jana akaniambia mbele ya mama yake, aliyekuja kutoka Kilolo kusali nasi sikukuu ya mavuno:

"Baba Ombeni, kesho ndiyo mwisho. Huyo mtu wako wa Mbeya asipokusikia, sola inarudi kwa kuku."

Nikakubali kidume. Tukapanga na Ambokile saa sita mchana, na sharti la shemeji yake nikamweleza.

Leo asubuhi wote wakaenda ibadani. Mimi nikasema kichwa kinauma. (Kilikuwa kinauma kidogo. Kwa mawazo.) Mama mkwe akanipa pole ndefu, akaniombea na dua fupi, nikaitikia amina nikiwa naangalia saa.

Walipotoka tu, nikawasha redio. KRRRRRRR!

Kelele tupu! Ukiwa mtu wa redio unaijua hiyo kelele. Kuna kifaa cha umeme mahali karibu kinachafua hewa. Inaweza kuwa friji, chaja, chochote kibovu. Hata Ambokile angepanda juu ya paa na kupiga mayowe, nisingemsikia. Nikajua kuna jirani anataka kunikosesha sola yangu.

Nikachukua redio ndogo ya mkononi, ile inayopokea tu, haiwezi kujibu. Nikavaa na begi langu la mgongoni lililokuwa dirishani likichaji simu. Hili begi nimelishonea kisola kidogo kwa nyuma, na ndani nimeweka kiboksi nilichokiunganisha kwa mikono yangu mwenyewe, kinachaji simu huku natembea. Najivunia sana kile kiboksi. (Likumbukeni hilo begi.)

Kwa jirani wa kwanza, Mzee Sanga, redio ikanguruma hasa.

"Shikamoo mzee. Naomba uzime friji."

"Marahaba. Friji imekosa nini?"

"Inachafua hewa."

Mzee akainusa. Akaizima. Kelele iko palepale. Nikamwambia friji yake ni nzima, akasema alikuwa anajua.

Nikaenda saluni. Redio ikanguruma zaidi! Mama wa saluni akazima draya, mteja akabaki na nywele mbichi upande mmoja, kelele ikaendelea. Kwa fundi cherehani, vilevile. Kwa muuza chipsi, ambaye hana hata waya wa umeme, vilevile. Kila mlango niliofika ulionekana ndio wenyewe. Hapo mtu mwenye akili angejiuliza swali. Mimi nikazidi kuharakisha.

Halafu kuna mtu akasema natafuta madini. Ghafla nikawa na wafuasi.

"Braza, yakiwa chini ya nyumba yangu ni ya kwangu, si ndiyo?" akauliza mmoja.

"Sitafuti madini," nikamjibu. Wakatazamana. Wakaongezeka.

Ndipo nikasikia vipaza sauti vya kanisani. Mnada! Nikapigwa na mwanga kichwani: amplifaya ya kanisa! Kubwa, ya zamani, na iko hewani tangu asubuhi. Nimemkamata.

Kwa wasiojua taratibu zetu: siku ya mavuno watu huleta walichovuna, mahindi, maboga, kuku, ndizi. Baada ya ibada vinanadiwa pale uwanjani. Na kitu kikishawekwa kwenye lile fungu, kimetolewa. Hakirudi nyumbani na aliyekileta, labda akinunue.

Nikaingia uwanjani na kaptula na kandambili, nimesahau kabisa kwamba mimi ni mgonjwa. Wafuasi wangu nyuma. Mzee wa kanisa alikuwa ameinua jogoo.

"Samahani mzee," nikasema. "Naomba mzime amplifaya. Dakika moja tu."

"Kuna msiba?"

"Kuna kelele."

Naona hakuelewa, ila aliwaona watu nilioongozana nao akaona bora anisikilize. Amplifaya ilikuwa chini ya meza, kwa hiyo nikavua begi, nikaliweka pembeni pale penye maboga, nikatambaa nikaizima mwenyewe. Nikatoka upande wa pili na redio sikioni, nikatembea hatua kadhaa.

Kimya! Kimya kizuri!

"IMENYAMAZA!" nikapiga kelele. "Ni hii! Nilijua tu!"

Nikamshika fundi mitambo wa kanisa nikaanza kumpa somo. Nikamweleza habari za nyaya, habari za mawimbi, nikamshauri waibadilishe. Sauti nilipandisha ili na wengine wafaidike. Nyuma yangu mzee wa kanisa akawa anaendelea na mnada kwa mdomo. Nilisikia watu wakipandishiana bei, wakapiga makofi na vigelegele. Sikugeuka. Nilikuwa nafundisha.

Halafu redio ikaguna. Krr.

Nikanyamaza. Krrrr. Inakuja. KRRRRRR! Kuna mtu anatembea na kelele yangu!

Nikainamisha kichwa kwenye redio, macho chini, nikaanza kuifuata. Watu wakanipisha. Ikapanda, ikapanda, ikafika mahali inapiga yowe. Mbele yangu nikaona kitenge na viatu vya mama mtu mzima. Nikanyoosha kidole bila kuinua macho.

"Wewe hapo! Umebeba nini? Kizime haraka!"

"Kamwene, mkwe wangu," sauti ikanisalimia Kihehe, kwa upole. "Kichwa kimepoa?"

Mama mkwe! Nimemnyooshea kidole mama mkwe! Na mkononi amekumbatia begi. Langu!

"Nimelinunua mimi," akasema, machozi yakimlengalenga. Akawageukia watu. "Mkwe wangu anaumwa, lakini amejikokota mpaka hapa kuleta sadaka yake. Nikasema, hili begi haliendi kwa mtu mwingine."

Watu wakasema amina. Redio ikasema KRRRRR.

Mama akadhani begi limekosea. Kwa aibu akalifunika na kitenge. Redio ikanyamaza! Akafunua kidogo achungulie. KRRRR! Akafunika. Kimya. Akafunua. KRRRR!

"Rudia, mama," mtu akasema nyuma.

Akarudia. Uwanja mzima ukasema "Aaaah!" Hata yule wa madini alielewa. Kisola kikiona jua, kiboksi changu kinawaka, na kiboksi changu, kazi ya mikono yangu, ndicho kilikuwa kinachafua hewa ya Mlandege nzima. Mtaa mzima nimeuzimisha umeme nikiwa nimembeba mhalifu mgongoni. Na fundi mitambo bado amesimama pale, anasubiri niendelee na somo.

Nilitaka kufa. Nikafungua begi, nikachomoa kiboksi. Hewa ikatulia safi kabisa. Na katika ule utulivu, saa sita imeshapita, redio ikaongea, sauti inasikika kama mtu yuko kwenye maboga:

"Iringa, Iringa, hapa Mbeya. Mnyalukolo, nimekuita mpaka koo limekauka. Kama unanisikia na huwezi kujibu, mwambie shemeji ameshinda. Apeleke sola kwa kuku."

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Mke wangu akaja, akaninyang'anya redio, akaiweka mdomoni.

"Asante shemeji!" (Haiwezi kujibu, nimewaambia. Hakujali.)

Simu nimerudishiwa. Begi sikurudishiwa. Mama mkwe amesema amelinunua kwa Bwana, atabebea viazi Kilolo. Amplifaya wameiwasha, Mzee Sanga hajawasha friji, anasubiri ruhusa yangu na mimi siwezi kupita pale. Vifaranga wameshafungiwa taa, wanaota joto na sola yangu.

Ukitaka kusaka kelele mtaani, ndugu yangu, kwanza vua begi.

Mama mkwe amegonga mlango sasa hivi kuuliza tena kama kichwa kimepoa. Nimemwambia kimepoa, mama, kinachouma sasa ni uso.