Sauti ya Mzee, Saa Tatu Asubuhi

Jumatano, tarehe 3 Septemba

Gaudiose kaingia bila hodi. Jirani wa miaka thelathini, na hodi hajajifunza! Akapiga kelele toka mlangoni: "Mama Manzi, mzee wako iko redioni!" Nikamwambia mzee wangu yuko makaburini mwaka wa nne sasa, na kama yeye ameanza kunywa asubuhi aseme.

Kumbe kweli. Redio moja ya hapa mjini Kigali inarudia mazungumzo na mafundi wa zamani wa mtaa wa Biryogo. Habiyaremye wangu, fundi cherehani, walimhoji miaka saba iliyopita. Siku ile sikumsikiliza. Nilikuwa nimenuna. Alikwenda na koti la kijivu nililomkataza. Fundi gani anakwenda kuhojiwa kiwiko kimetoboka? Nilizima redio nikafua nguo kwa hasira.

Gaudiose anasema mwishoni mtangazaji alimuuliza ana neno gani kwa mkewe. Naye akajibu. Gaudiose akataka kunieleza alijibu nini. Nikamkataza. Maneno ya mume wangu hayapiti kwanza kwenye mdomo wa Gaudiose.

Watarudia kesho, Jumamosi na Jumatatu, saa tatu asubuhi. Kisha basi.

Naandika hapa tu, maana daftari halina mdomo. Uso wake naukumbuka. Kikohozi chake nakikumbuka. Sauti imenitoka. Naitafuta nikiwa jikoni, haiji. Kwa hiyo kuisikia mara moja hakutoshi. Nataka kuiweka.

Mjukuu wangu Kirezi ana kompyuta yenye programu ya kushika redio kwenye intaneti. Unaichagulia stesheni, unaipa saa ya kuanza na saa ya kumaliza, inarekodi yenyewe hata wewe ukiwa safarini. Akataka kunipangia. Nikamwambia mtu aliyefika darasa la tatu si mtu asiyesoma. Saa ya kuanza: nikaandika 3. Saa ya kumaliza: nikaandika 4. Rahisi!

Alhamisi, tarehe 4 Septemba

Sikuhangaika na redio. Betri zake zimekufa, na kusikilizia kwa Gaudiose siendi. Mashine iko kazini, mimi nikae kufanya nini? Nikapanda basi hadi soko la Kimironko, nikawaita mafundi wanne waliofundishwa na mzee. Waje jioni wamsikie mwalimu wao.

Wamekuja wamevaa vizuri. Gaudiose naye kaja, bila kualikwa. Nikabonyeza.

Saa nzima ya daktari wa mifugo akieleza kuhara kwa kuku.

Hakuna aliyenyanyuka, kwa heshima. Gaudiose peke yake akasema sauti ya mzee imekuwa nyembamba tangu afe.

Kirezi karudi kutoka kazini, kaangalia, kasema kompyuta haihesabu saa kama sisi. Tatu yake ni saa tisa ya usiku. Saa tatu yetu ya asubuhi yeye anaiita tisa. Kwa ruhusa ya nani? Jua linachomoza saa kumi na mbili, moja inafuata, hata mtoto anajua! Mashine inayojua dunia nzima haijui asubuhi inaanza lini.

Ijumaa, tarehe 5 Septemba

Nimebuni njia fupi. Nimekwenda Muhima, kwenye ofisi ya redio yenyewe, kuomba nakala. Nimevaa kitenge kipya. Nilipanga kuongea kwa upole.

Binti wa mapokezi alikuwa anatafuna ubani. Nikamwambia ateme kwanza. Akasema niandike barua ya maombi. Nikamwambia mume wangu aliwashonea nusu ya wanaume wa mji huu suruali zao za harusi na hakumwandikisha hata mmoja barua. Akamwita meneja, kijana anaitwa Eustache. Shati nje! Nikamwambia alichomekee ndio tuongee.

Mlinzi alinisindikiza hadi barabarani. Huyo angalau alikuwa na adabu.

Jumamosi, tarehe 6 Septemba



Kirezi aliipanga mwenyewe, tisa hadi kumi, saa zake hizo za ajabu. Akaigeuza iongee Kinyarwanda ili nisome. Kisha akaenda kwenye harusi. Akasema inarekodi kimya kimya, nisiguse kitu. Sikugusa. Nilikaa barazani nimeipa mgongo, nisije nikaigusa.

Saa nne nikaingia. Kwenye kioo pameandikwa: Bika? Chini yake Yego, yaani ndiyo, na Oya, hapana.

 Hapa Kigali mtu akifa, anabikwa redioni, kifo chake kinatangazwa: jina, ukoo, mahali pa maziko. Mzee wangu alibikwa Jumapili moja ya mvua, na jina lake wakalikosea. Sasa wanauliza wambike tena? Mara moja ilitosha! Nikabonyeza Oya. Kwa nguvu.

Kirezi karudi na keki ya harusi mkononi. Akasoma kioo. Akasema kubika pale ni kuweka, Bibi, kama tunavyobika unga. Iliuliza kama iitunze rekodi. Nimeiambia hapana. Imefuta.

Najua kubika unga! Nimebika unga kabla mama yake hajazaliwa. Lakini unga hautoki redioni. Neno moja, kazi mbili, na hakuna aliyenionya.

Sikula keki.

Jumatatu, tarehe 8 Septemba

Siku ya mwisho. Intaneti ya Kirezi imeisha, kwa hiyo tumetia redio yangu betri mpya, tukaiweka mbele ya kompyuta. Kirezi akasema leo mashine inasikia kwa sikio lake yenyewe, kila kitu chumbani, kwa hiyo kimya. Nikamwambia mimi si mpiga kelele. Akaenda kazini.

Nilimwita Gaudiose makusudi. Akae, asikie mzee akinitaja, aone haya. Mpango mzuri.

Kachelewa. Kaburuta benchi. Nikamwambia. Akanywa chai kwa kuivuta kama bomba la maji. Nikamwambia. Akajibu kwamba kwake wanaruhusiwa kupumua. Basi nikamweleza hodi ni nini, na sufuria yangu aliyoirudisha bila mfuniko, na ile kejeli yake siku ya daktari wa kuku nayo nikaitoa. Miaka thelathini yote ikatoka.

Nilipogeuka, mtangazaji alikuwa anamshukuru mzee.

Gaudiose kaiangalia kompyuta. Mimi sikujali. Mashine imeshika. Ikauliza Bika? Nikabonyeza Yego, polepole, kwa kidole kimoja.

Jumanne, tarehe 9 Septemba

Yupo. Ni yeye.

Ila yuko chini yangu. Mimi niko juu, saa nzima. Benchi! Kikombe! Mfuniko! Nyuma kabisa kuna mwanamume anaongea taratibu, kama mtu aliye chumba cha pili. Mwishoni mtangazaji anamuuliza kuhusu mkewe. Nilikuwa navuta pumzi, ndiyo bahati yangu. Anasema: "Mke wangu yule..." Anacheka. Kicheko chake, cha puani! Nilikuwa nimekisahau. Kisha ni mimi: "Gaudiose, weka kikombe chini!" Kisha anashukuriwa.

Gaudiose kaja asubuhi. Kabisha hodi. Mara ya kwanza. Akasema akiwa nje, kwa sauti ndogo, kwamba yeye alisikia vizuri wiki iliyopita, nikitaka ataniambia, hataongeza neno. Nikamwambia asante, nitasikia kwa mwenyewe. Akaenda.

Jioni nimesikiliza mwisho wake mara kumi na moja. Kila nikifika pale namwambia, ongeza sauti, mzee, unaongea kama mwizi. Mara ya kumi na mbili Kirezi akasema, Bibi, ukinyamaza kidogo labda utasikia.

Mimi! Nyumbani kwangu! Nikamweleza adabu. Nikamweleza kuhusu kuolewa. Nikamweleza na la koti la kijivu, toka mwanzo.

Nilipomaliza, kipindi kilikuwa kimekwisha.