Malalamiko Dhidi ya Bi Pini kwa Kosa la Kuufuata Mkataba

Mheshimiwa Hakimu,
na wewe karani utakayeifungua barua hii kwanza, hamjambo?

Ni mimi yule mama wa juzi, niliyekuja dirishani kwenu na mfuko wa vitambaa nikaambiwa nikaandike. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitakapokosea, tafadhali someni nilivyokusudia.

Ninamshtaki mwenzangu wa kazi, Bi Pini. Tumeshona chumba kimoja miaka kumi na tisa. Jina hilo amepewa kwa sababu hushika pini midomoni hata akiitikia salamu. Kosa lake ni kuufuata mkataba. Nilipomweleza karani wako alivua miwani, akasema, "Mama, anayeshtakiwa ni aliyevunja mkataba. Aliyeufuata anashukuriwa." Simlaumu karani. Hajafuatiwa mkataba huyo, ndiyo maana.

Mheshimiwa, chanzo ni binti yangu. Alikwenda semina ya wafanyabiashara wadogo, akarudi na kofia na maneno. Akaniambia biashara isiyo na maandishi ni mzigo usiofungwa kamba. Na mimi ni mtu wa wasiwasi. Maji yakichelewa kuchemka tu, nadhani kuna msiba. Nikaanza kuwaza: nikifa mimi, nani atamlinda Bi Pini dhidi ya shemeji zangu? Akifa yeye, je? Nikaenda kwa mchapaji wa steshenari. Akaniuliza nataka mkataba wa namna gani.

Swali hilo sikulitegemea. Mkataba niliowahi kuuona maishani ni mmoja, wa mwenye nyumba wetu. Ule umewashinda wapangaji watatu mahakamani, na mmoja wao alikuwa mwalimu. Nikasema hilo ndilo dume la mikataba. Nikamwambia mchapaji anakili neno kwa neno, abadilishe majina tu. Jina langu likakaa juu, kwenye mwenye nyumba, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimesimama pale.

Basi Bi Pini akawa mpangaji wangu, ndani ya chumba ambacho mimi mwenyewe nimepanga. Yeye anasoma vizuri. Aliusoma wote, kurasa nne, akatoa pini mdomoni, akaniuliza, "Mama Mkasi, una uhakika?" Nikamwambia atie saini tu, ni mambo ya karatasi. Akatia.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ameacha kuimba. Kifungu cha sita kinamkataza mpangaji kupiga kelele. Bi Pini huimba akikanyaga cherehani, na sauti yake, Mungu anisamehe, ni ya mlango unaodai mafuta. Siku moja kichwa kilikuwa kinanigonga, na gauni la bibi harusi nilikuwa nimelikosea ukosi mara mbili. Nikamwonyesha kifungu cha sita. Ulikuwa utani nusu. Ile nusu nyingine ndiyo aliyoisikia. Akanyamaza siku hiyo na zilizofuata, na ndipo nikagundua kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nakata nguo kwa kufuata wimbo wake. Sasa mkasi wangu unatembea kama mbuzi barabarani.

2. Amenizidishia heshima. Kifungu cha nne kinasema mpangaji asiingize mgeni bila idhini ya mwenye nyumba. Kila mteja akawa anasimamishwa mlangoni, Bi Pini anavuka chumba chenye hatua tano, ananiinamia, anaomba idhini. Mimi natoa idhini nikiwa na uzi katikati ya meno. Wateja wakaanza kuniamkia kwa mikono miwili. Fundi viatu wa jirani akauliza nimenunua jengo lini. Ningeweza kumwambia Bi Pini basi, yaishe. Lakini nikajiambia, aanze yeye, yeye ndiye aliyenuna.

3. Ameupaka rangi ukuta. Hapa naomba usome polepole. Kazi yetu ilikuwa hivi: mimi naweka futi mwilini mwa mteja na kutaja namba, yeye anaandika ukutani kwa penseli, bega, kifua, kiuno, na jina la utani la mtu. Daftari tulilikataa mapema, kwa kuwa hupotea chini ya vitambaa. Mimi ndiye niliyekuwa nikisema ukuta haupotei. Mji mzima ulikuwa pale. Hata mistari ya urefu wa binti yangu, tangu alipokuwa anafika kwenye droo ya vifungo mpaka aliponipita. Sasa kifungu cha kumi na moja kinasema mpangaji anayehama apake kuta rangi upya. Jumapili nilikuwa kwa binti yangu. Jumatatu asubuhi nikafungua mlango, nikakuta chumba cheupe kama yai.

4. Amehama. Kifungu cha tisa: miezi kumi na miwili ikiisha na hakuna maandishi mapya, mpangaji akabidhi funguo. Iliisha Jumatatu hiyohiyo. Alinikabidhi funguo juu ya kisahani, akabeba cherehani yake. Nilisimama nikingoja aseme neno. Yeye alisimama mlangoni, nadhani naye alikuwa ananingoja mimi. Mheshimiwa, mkataba wote ule, kurasa nne na muhuri, haukusema nani aanze.

5. Amenifanya kichekesho. Tuna kazi ya sare za kwaya, wanawake ishirini na wawili, na ni za Jumamosi wiki ijayo. Namba nazijua kwa kusoma, lakini kuziandika zikapangana nani na nani, hiyo ilikuwa kazi ya Bi Pini. Nikajaribu kupima kwa kamba zenye mafundo. Kamba zikachanganyika kwenye mfuko. Kiongozi wa kwaya alijaribu sketi yake jana, ikapita kichwani mpaka miguuni bila kugusa mahali. Yule mwembamba wa sauti ya kwanza amepewa kiuno cha mumewe, aliyekuja kumsindikiza tu. Kupanda mchongoma nilipanda mwenyewe, nakiri. Lakini hiyo si sababu ya mtu kuondoa ngazi.

Kwa hayo yote, naiomba mahakama yako:

Kwanza, imwamuru Bi Pini auvunje mkataba mara moja na bila ubishi.

Pili, akikataa, afungwe kwa utiifu uliopita kiasi.

Tatu, kwa kuwa mwenye nyumba katika mkataba huo ni mimi, na haki haina upendeleo, nifungwe na mimi. Tuwekwe chumba kimoja. Kiwe na dirisha upande wa mwanga, cherehani mbili na meza ya kukatia, na tusitolewe kabla ya sare ishirini na mbili kwisha. Yeye aruhusiwe kuimba. Hilo liandikwe, tafadhali, kwa sababu lisipoandikwa hataimba.

Nisalimie askari wa getini, aliyenipa kiti. Msalimie karani, umwambie sweta lake limeachia uzi kiwiko cha kulia. Alilete kabla halijafika begani. Wasalimie na wa nyumbani kwako wote, wadogo kwa wakubwa, na kama kuna anayehitaji kupunguziwa suruali, tupo.

Ni mimi mlalamikaji, na ukipenda mshtakiwa wa pili,
Mama Mkasi,
fundi wa nguo, mlango wa tatu baada ya fundi viatu.

N.B. Hapa chini naandika kwa mkono wangu, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Hapo juu ni mwandiko wa Bi Pini. Aliingia mchana kuchukua kifuko chake cha pini, akanikuta naandika, akaisoma barua yote akiwa amesimama. Akasema kwa makosa yale tutaaibika sisi wawili, akaketi, akainakili upya. Zaidi ya kunyoosha herufi, hakubadilisha kitu. Ila pale kwenye mlango unaodai mafuta alikandamiza kalamu, utaona karatasi imetoboka.

Nikamwuliza kuhusu ukuta. Akatoa madaftari mawili kwenye kikapu. Kabla ya kupaka rangi alikuwa amenakili kila namba, na mistari ya binti yangu ameipima kwa futi, mmoja mmoja, na miaka yake. Nikamwuliza mbona hakusema. Akasema alikuwa anangoja niulize.

Kwa hiyo kesi naomba uifute. Hati ya wito msilete, tuna kazi. Mkataba tumeukata, karatasi yake ni ngumu, nzuri kwa kuchorea ukosi. Sasa hivi yuko kwenye cherehani, anaimba, na kichwa kimeanza kunigonga. Nimekitafuta kifungu cha sita. Kimeshakuwa ukosi wa kiongozi wa kwaya.